Namba ya Japani, foleni ya Kimara

Kifaa kilichonilia mafuta kwa karibu miaka miwili hakikuwamo ndani ya gari. Fundi aliking'oa siku gari lilipochemsha, akakitupia kwenye ndoo ya vyuma chakavu, akaniambia maneno ambayo wenye magari wengi wa jiji hili wameshaambiwa: "Hii kitu kaka ni ya nchi za baridi. Huku kwetu joto, haina kazi." Nikamshukuru, nikalipa, nikaondoka. Gari halikuchemsha tena. Likaanza kula.

Kifaa chenyewe ni themostati, kijivali chenye nta ndani kinachoenea kwenye kiganja cha mtoto. Kazi yake ni kuyazuia maji yasikimbilie kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Kwa Toyota nyingi za petroli ni kama nyuzi 82. Zikifika, nta inayeyuka, inatanuka, vali inafunguka, maji yanaanza kuzunguka. Ukikiondoa, maji yanazunguka tangu unapowasha. Na kontrolo boksi ya gari, yaani kompyuta ya injini, ambayo haijui lolote kuhusu Dar es Salaam wala jua la Februari, inalisoma joto la maji basi. Ikiambiwa injini ni ya baridi inaongeza petroli, kama choki ilivyofanya kwenye magari ya kabureta, na itaendelea kuongeza mpaka iambiwe vinginevyo.

Hoja ya nchi ya joto inaingia akilini mpaka uitafakari. Nje nyuzi 33, sisi tunajipepea na magazeti. Injini inayotaka karibu 90 inaziona nyuzi hizo 33 kama sisi tunavyoiona alfajiri ya Makete. Foleni ya mchana huipasha hata bila themostati, hilo kweli. Lakini mimi natoka Kimara saa kumi na moja alfajiri, na fundi yuleyule alikuwa ameiunga feni moja kwa moja, inazunguka tangu nawasha hadi nazima. Mshale wa joto ulikuwa haufiki katikati. Nilikuwa nauona kila siku, na nilidhani ni dalili ya afya.

Simsemi fundi vibaya. Alipelekewa gari linalochemsha, akarudisha gari lisilochemsha. Ugonjwa wenyewe ulikuwa rejeta iliyoziba kwa kutu na magadi, kwa sababu kwa miaka mingi nilikuwa naongezea maji ya bomba, na kisima pale bomba lilipokata, badala ya kulanti, ile dawa ya rejeta. Hiyo ni kazi ya mikono yangu. Yeye aliificha tu, kwa gharama ambayo haikuandikwa kwenye risiti.

Ndiyo maana sikubaliani na kauli inayozunguka kila kijiweni kwamba gari likishazeeka linakula mafuta, kana kwamba ulafi ni mvi. Injini ya petroli iliyotunzwa, yenye kompresheni yake, haina sababu kubwa ya kula zaidi ikiwa na miaka 20 kuliko ilipokuwa na 5. Ringi zikilika, naam, nguvu inavuja na moshi wa bluu unaanza. Lakini magari mengi tunayoyalaumu hayajafika huko. Yamejaa matengenezo ya aina ya themostati yangu: kitu kimeng'olewa, kingine kimeungwa moja kwa moja, cha tatu kimefungwa cha gari jingine kwa sababu "kinaingia." Kila kimoja kilitibu lalamiko la siku hiyo, na kila kimoja kikaacha mdomo wazi kwenye tangi.

Utauliza niliishije miaka miwili bila kujua. Kwa sababu mimi, kama watu wengi, nilikuwa nanunua mafuta kwa fedha. "Weka ya elfu ishirini." Ukiweka ya elfu ishirini leo na ya elfu ishirini Ijumaa, umepima pochi yako tu. EWURA, wadhibiti wa bei za mafuta, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo hata ile elfu ishirini yenyewe si lita zilezile mwezi ujao. Gari lilipoanza kumaliza mafuta mapema nililaumu bei. Bei ilikuwa imepanda kweli, na ikanifichia wizi uliokuwa ndani ya boneti.

Kupima hakuhitaji mashine. Unajaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe, unarudisha kaunta ya safari kwenye sifuri, unaendesha maisha yako ya kawaida kilomita 300 au zaidi, kisha unarudi kituo kilekile, pampu ileile ikiwezekana, unajaza tena mpaka ikate. Kilomita ulizokwenda, gawanya kwa lita zilizoingia. Fanya mara tatu, maana mara moja inaweza kukudanganya: gari likiegeshwa kwenye mteremko, au pampu ikikata mapema kwa povu, unakosa lita mbili. Na usimwambie mhudumu "ongeza kidogo ifike namba nzima." Hiyo kidogo ndiyo inayoharibu hesabu.

Corolla yangu ya mwaka 2003, injini ya cc 1,500, ilitoa kilomita 8.1 kwa lita. Nilikuwa nawaambia watu 13.

Kuna tahadhari moja kabla hujaiamini namba yako: tairi. Kaunta ya kilomita haioni barabara, inahesabu mizunguko. Gari lililotoka kiwandani na tairi za 175/65 R14, ukilifunga 185/65 R15 kwa sababu rimu za 15 zinapendeza, kila mzunguko unasogea karibu asilimia 6.6 zaidi. Kaunta itasema 300 wakati umekwenda 320. Utalilaumu gari kwa ulafi ambao nusu yake ni hesabu, huku nusu nyingine ikiwa ya kweli, maana tairi kubwa na nzito linasukumwa kwa mafuta.

Sasa, ile 13 niliitoa wapi? Ile 18 ya dalali wa IST, ile 20 ya mwenye Vitz, zinatoka wapi? Nyingi zimetoka Japani, kwenye karatasi, na hazikuwa uongo zilipoandikwa. Kuanzia mwaka 1991 Wajapani walikuwa na kipimo kilichoitwa 10-15, kwa kuwa kilikuwa na hatua 10 za mwendo wa mjini na 15 za mwendo wa barabara iliyofunguka kidogo. Gari linawekwa juu ya roli ndani ya jengo. Injini imeshapashwa moto. Kiyoyozi kimezimwa. Linaendeshwa sekunde 660, umbali wa kilomita 4.16, wastani wa kilomita 22.7 kwa saa, na mwendo wa juu kabisa ni 70. Basi. Kwenye roli hizo hakuna kilima, hakuna mashimo wala tuta la Mbezi, na nyuma hajakaa shangazi na gunia lake la mchele.

Mwaka 2011 kipimo hicho kikaachiwa nafasi na kingine, JC08, kinachohesabu pia injini ikiwashwa ya baridi na kupanda hadi kilomita 81.6 kwa saa. Gari lilelile likipimwa kwa JC08 hupata namba ndogo kuliko lilivyopata kwa 10-15. Magari ya miaka ya 2000 mwanzoni, ambayo ndiyo yamejaa mitaani kwetu, yana namba za 10-15. Kwa hiyo dalali anapokutajia kilomita kwa lita anakusomea matokeo ya mtihani wa dakika 11 uliofanyika Japani zaidi ya miaka 20 iliyopita, gari likiwa jipya, mwanafunzi akijua maswali yote.

Na maswali waliyajua kweli. Miaka ya 1990 Toyota waliuza Carina na Corona zenye injini ya 7A-FE ya kuchoma mchanganyiko mwembamba, hewa nyingi petroli kidogo, pale gari linapokwenda polepole bila mzigo. Huko ndiko mtihani ulikokuwa. Baadaye zikaja zile za D-4, zinazopulizia petroli ndani ya silinda moja kwa moja: Nadia ya 3S-FSE, na ile Noah ya 2001 hadi 2007 yenye 1AZ-FSE ambayo ikitajwa gereji fundi anavuta pumzi. Sifa mbaya ya D-4 mitaani ina chembe ya haki. Petroli isipopita kwenye vali za kuingizia hewa haizioshi, masizi yanajijenga, pampu ya presha ni ghali, na sensa zikichoka kompyuta inaacha kabisa ule mchanganyiko mwembamba. Unabaki na namba ya Japani bila mbinu iliyoizalisha. Lakini nimeona pia Noah za D-4 zinazokwenda vizuri kwa wenye kuzisafisha kwa ratiba na kuweka mafuta safi. Hazisamehi, hilo ndilo jina lake sahihi.

Tuje kwenye foleni, maana hapo ndipo tunapolia.

Kutoka Kimara hadi Posta ni kama kilomita 16. Corolla ikienda bila kusimamasimama inaweza kuzimaliza kwa lita 1.2 hivi. Sasa weka asubuhi mbaya: saa moja na nusu barabarani, na katika muda huo, kwa dakika 45 gari limesimama kabisa, injini inaunguruma, kiyoyozi kimewashwa. Injini ndogo ikiwa imesimama na kiyoyozi huchoma karibu lita moja kwa saa. Dakika 45 ni robo tatu ya lita, na hujasogea hata hatua. Safari ya lita 1.2 imefika karibu 2, na bado sijahesabu kule kusogea na kufunga breki, kusogea na kufunga breki, ambako kila mara unalipa upya kulisukuma gari la zaidi ya tani moja kutoka sifuri. Kilomita 8 kwa lita ikatoka hapo bila gari kuwa na ugonjwa wowote. Kabla hujampelekea fundi, ondoa kwanza sehemu ya barabara.

Kwa sababu hii simwamini mtu anayeniambia gari lake linakwenda kilomita kadhaa kwa lita bila kuniambia analala wapi na anafanya kazi wapi. Mwenye Vitz wa Dodoma na mwenye Vitz wa Gongo la Mboto wana magari mawili tofauti.

Hata kipimo chenyewe cha kilomita kwa lita kina hila. Akili inadhani kutoka 14 kwenda 18 ni faida kubwa kuliko kutoka 6 kwenda 8, maana 4 ni kubwa kuliko 2. Chukua mtu anayetembea kilomita 1,000 kwa mwezi. Gari la 14 linatumia lita 71, la 18 linatumia 56: ameokoa lita 15 au 16. Gari la 6 linatumia lita 167, la 8 linatumia 125: ameokoa lita 42. Kwa bei ya shilingi 3,000 kwa lita, tuichukue hiyo kwa urahisi wa hesabu, wa kwanza ameokoa kama elfu 48 na wa pili laki moja na elfu 25. Maana yake, mwenye Mark II au Noah inayobwia ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kurekebisha vitu vidogo, naye ndiye aliyekata tamaa mapema: "CC kubwa, utafanyaje."

CC, yaani ukubwa wa injini. Hilo nalo tuliguse. Injini kubwa ina msuguano zaidi na hula zaidi ikiwa imesimama, ndiyo maana foleni inaziadhibu. Ila watu wamelifanya neno hilo kuwa kadi ya utambulisho. Chukua kigari cha cc 1,000, kipakie watu watano na mabegi, washa kiyoyozi, kipeleke Dodoma. Mguu uko chini safari nzima, injini inapiga kelele kwenye mizunguko ambayo mwenzake wa cc 1,500 hafiki. Mwisho wa safari tofauti ya mafuta ni ndogo kuliko ulivyotegemea, na pengine haipo. Gari dogo ni la mtu mmoja mjini. Mengine ni matumaini.

Na kuna zile za 4WD. IST, Vitz na Corolla nyingi zilizouzwa kwa mikoa ya theluji kule Hokkaido na kaskazini ya Honshu zina shafti na difu ya nyuma. Zimekuja kwetu pamoja na wenzao, zinafanana kwa nje, na mnunuzi anafurahia herufi hizo nyuma ya gari. Anabeba kilo za chuma za kukabiliana na theluji kutoka Tegeta hadi Mwenge.

Barabara kuu ina sheria zake, na hapo adui ni upepo. Ukizidisha mwendo, ukinzani wa hewa hauongezeki kwa kadiri ileile. Unaongezeka kwa kipeo cha pili. Kutoka 80 hadi 110 mwendo umeongezeka kwa zaidi kidogo ya theluthi, lakini upepo unaoupasua kwa kila mita umekaribia kuwa mara mbili. Dar hadi Morogoro ni kama kilomita 190, na vijiji vya kilomita 50 kwa saa vimepangana njia nzima, na tochi za polisi za kupima mwendo zimejificha nyuma ya miembe. Ukikimbia 110 katikati ya vijiji unafika dakika chache kabla yangu, ukiwa umelipia kila breki uliyofunga kwenye kibao cha 50 na kila kukanyaga mafuta upya baada ya kibao kuisha. Weka na keria juu ya paa, yenye kitu au tupu, uone.

Vilima navyo vina bei inayohesabika. Gari la kilo 1,300 pamoja na abiria likipanda kutoka usawa wa bahari hadi Iringa, zaidi ya mita 1,500, linahitaji nishati ya megajuli 19 kwa kule kuinuka tu. Lita ya petroli ina kama megajuli 33, na injini inageuza chini ya theluthi yake kuwa kazi. Kwa hiyo kupanda kwenyewe kumekula kama lita 2 juu ya mafuta ya umbali. Ndiyo sababu safari ya kwenda Iringa na ya kurudi hazilingani, wala gari halijaharibika.

Wakati wa kurudi ndipo inapokuja ile mbinu ya kuweka nyutro kwenye mteremko. Kwenye magari ya kabureta ilikuwa na mantiki fulani. Kwenye gari la nozeli, ambalo petroli yake inapuliziwa kwa amri ya kompyuta, ukiacha mguu likiwa ndani ya gia, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kontrolo boksi inakata petroli kabisa: sifuri. Ukiweka nyutro, injini imeachwa peke yake, lazima ipewe mafuta isizime. Kwa hiyo unayeteremka Kitonga kwa nyutro unatumia mafuta ambayo ungeyaokoa, na umezikabidhi breki kazi yote kwenye mlima ambao unajua umemeza nini.

Sasa yale ya gereji, na hapa nitapita haraka kwa mengine na kukaa kwa machache.

Chujio la hewa: kila mtu analibadilisha akitegemea kuokoa mafuta. Kwenye gari la kabureta lilikuwa na maana. Kwenye gari la nozeli, sensa inapima hewa inayoingia na petroli inafuata hewa hiyo. Wamarekani walilipima hili na kukuta chujio lililoziba linapunguza nguvu zaidi kuliko linavyoongeza ulaji. Badilisha kwa ajili ya uhai wa injini, vumbi letu si la mchezo, lakini usitegemee kulipwa na tangi.

Sensa ya oksijeni ni habari nyingine. Hii ndiyo inayoonja moshi na kuiambia kontrolo boksi petroli imezidi au imepungua. Ikifa, kompyuta inajilinda kwa kumwaga zaidi. Wizara ya Nishati ya Marekani imekadiria kwamba kurekebisha hitilafu kubwa kama hiyo kunaweza kuboresha ulaji kwa hadi asilimia 40. Na ishara yake ni ile taa ya injini ya rangi ya chungwa ambayo kwetu imekuwa pambo la dashibodi. Nimepanda gari moja ambalo taa hiyo ilikuwa imebandikwa kipande cha selotepu nyeusi, kwa sababu "inasumbua macho usiku." Kupimwa kwa mashine ni bei ya lita chache. Kinachofuata ndicho kinachotutisha, sensa mpya ni ghali, basi tunafunga ya mtumba iliyokuwa kwenye gari lililokatwa, ambayo nayo ilikuwa na safari zake.

Hapohapo kuna masega, kile kisafisha moshi kilichomo kwenye bomba la ekzosi. Yanauzwa kwa sababu ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na kila kona kuna mtu wa kuyanunua. Yakiziba gari linakosa pumzi na kula mafuta, kweli. Ila mara nyingi yanaziba kwa sababu injini ilikuwa inamwaga petroli mbichi kwa muda mrefu, na ukiyatoa bila kutibu hilo umeuza moshi uliokuwa unakuonya. Na jirani anavuta kilichobaki.

Oili: injini ya Corolla hii ilikusudiwa 5W-30. Mimi nilikuwa nawekewa 20W-50, "nzito kwa injini kuukuu." Nzito inaburuta. Hasara yake ni asilimia chache, lakini ni ya kila kilomita. Kama injini haili oili na haina kelele, hakuna aliyekuagiza uinenepeshe.

Upepo wa matairi: angalia kila wiki mbili, kwa namba iliyoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, basi. Breki zinazoshika: ukishuka baada ya mwendo mrefu, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa, ile yenye joto kupita wenzake inakula mafuta na pedi kwa wakati mmoja, mara nyingi kwa sababu pini za kalipa zimekauka kwa vumbi.

Na kitufe cha O/D. Toyota nyingi za otomatiki za gia nne zina kitufe kidogo pembeni ya kichwa cha gia. Kikibonyezwa bila kujua, dashibodi inaandika O/D OFF, na gari halitaingia gia ya nne hata ulipeleke Mwanza. Nimemwazima mtu gari, nikalipokea limebonyezwa. Nimepanda teksi ambayo taa hiyo ilikuwa inawaka, dereva akaniambia ni ya mkanda.

Juu ya kununua mafuta asubuhi kwa sababu petroli imesinyaa kwa baridi: tangi la kituo liko chini ya ardhi, joto lake halibadiliki kwa kiasi cha kukufaa. Hata likibadilika nyuzi 5, ni kama nusu ya asilimia. Kulala ni bora. Uchakachuaji, kuchanganya petroli na mafuta ya taa, ulikuwa tatizo halisi zaidi, mpaka neno lenyewe likatoka vituoni likaingia kwenye siasa. Tangu vinasaba, alama za kutambua mafuta halali, vianze kuwekwa kwenye mafuta mwaka 2010 na kodi ya mafuta ya taa kupandishwa 2011, faida ya kuchanganya imepungua sana. Siku hizi mtu anayelaumu kituo kwa kila lita ningemwuliza kwanza kama amefungua boneti.

Linalonikera zaidi liko kwenye sera. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Tanzania inaliruhusu, ila inalitoza ushuru wa ziada kwa uchakavu. Pande zote mbili zinahesabu umri bandarini. Huko lilikotoka, gari hilo lilikuwa linapitia ukaguzi wa lazima wanaouita shaken: mara ya kwanza baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama yake ndiyo inayowafanya Wajapani wengi waliuze likiwa bado zima. Tunanunua matokeo ya nidhamu hiyo, tunalipa ushuru wa miaka, kisha tunaliachia barabarani miaka mingine 20 bila mtu kuuliza moshi wake una nini au taa yake ya chungwa inawaka tangu lini. Gari la miaka 12 lenye themostati, sensa na masega yake lingeweza kula kidogo kuliko la miaka 7 lililopita kwenye mikono mitatu ya haraka. Tukiwa tunataka kuagiza petroli kidogo, tupime hali, umri tuuache kwenye kadi ya gari.

Nilirudi kwa fundi wangu na themostati mpya mkononi, rejeta ikiwa imeshasafishwa kwingine, galoni la kulanti kwenye buti. Aliitazama kwa muda, akaniuliza kama nimehamia Njombe. Akaifunga, akairudisha feni kwenye swichi yake, tukamwaga ile oili nzito. Mshale ukapanda hadi katikati, ukatulia hapo kama umeshonwa. Tangi tatu baadaye hesabu ilisoma 9.3 kwenye foleni ileile, mguu uleule. Kwa kilomita zangu 1,000 za mwezi hiyo ni lita 16, shilingi elfu 48. Zidisha kwa miezi 24 niliyokaa bila kupima. Mimi nilishazidisha, sitairudia hapa.

Aliponikabidhi ufunguo, fundi alifunga boneti kwa kiganja, akaniambia, "Haya kaka. Ila ikichemsha tu, tunaitoa."